Nani Aliwaona Farasi wa Duncan?

Tulikuwa tumekaa barazani jioni, mimi na mpwa wangu, tukisoma kwa sauti Macbeth, mchezo wa Shakespeare kuhusu kabaila wa Uskoti anayemuua Mfalme Duncan ili atawale yeye, kama tulivyokuwa tukifanya tangu likizo yake ianze. Yeye huchukua baadhi ya wahusika, mimi huchukua wengine, na anayekosa zamu yake ndiye anayekwenda kuchemsha chai. Kitabu chake ni cha Kiingereza, na sharti letu ni kwamba kila mstari mgumu tuutafsiri wenyewe papo hapo kabla ya kuendelea. Tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1968 iko rafuni, lakini tulikubaliana tusiifungue mpaka tumalize. Siku hiyo tulifika tendo la pili, onyesho la nne, ukurasa mmoja na kidogo ambao wasomaji wengi huupita mbio wakielekea kwenye mzuka wa Banquo, mwenzake Macbeth. Yeye alikuwa Mzee: msichana wa miaka 17 akijilazimisha sauti nzito ili aseme kwamba anaikumbuka vyema miaka 70 iliyopita. Mimi nilikuwa Ross, mmoja wa makabaila wa Uskoti.

Mzee akasimulia kwamba Jumanne iliyopita kipanga aliyekuwa amepaa hadi kilele cha mruko wake alivamiwa na kuuawa na bundi, ndege ambaye riziki yake ni panya. Nami, kwa sauti ya Ross, nikaongeza langu: farasi wa Mfalme Duncan, wazuri, wepesi, wateule wa mbegu yao, walirukwa na akili, wakavunja mazizi na kutoka mbio wakikaidi kila amri, kana kwamba wametangaza vita na wanadamu.

"Inasemekana walilana," akasoma mpwa wangu.

"Ndivyo," nikasoma, "na macho yangu yaliyotazama yalistaajabu."

Akafunga kitabu huku kidole chake kikiwa ndani, akanitazama.

"Mjomba, wewe ndiye uliyewaona. Uliwaona kweli?"

Jibu la mtihani

Nilicheka, kisha nikampa jibu ambalo mimi mwenyewe nilipewa nilipokuwa na umri wake. Nilimwambia kwamba watu wengi wa zama za Shakespeare waliuwaza ulimwengu kama ngazi moja ndefu: Mungu juu, malaika chini yake, mfalme katika daraja lake, watu katika madaraja yao, kisha wanyama, mimea na mawe, kwamba anayemuua mfalme huitikisa ngazi nzima, na kwamba ndiyo maana bundi anamshinda kipanga kama Macbeth alivyomshinda bwana wake, farasi wanavunja utii kama Macbeth alivyouvunja, na mchana unageuka usiku kwa kuwa jua la nchi limezimwa. Akachukua kalamu akaandika yote. Ni jibu zuri, na lina alama zake zote.

Lakini halikuwa jibu la swali lake.

Yeye aliuliza kama Ross aliona. Mimi nikamweleza kwa nini mshairi aliandika. Tofauti hiyo niliitambua usiku uleule nikiwa kitandani, na kwa majuma matatu yaliyofuata haikunipa raha. Nilikuwa nimelisoma onyesho hili mara nyingi, na sikuwahi hata siku moja kumchukulia Ross kama shahidi anayeweza kuhojiwa. Nilimchukulia kama bomba tu, ambalo maneno ya mshairi hupitia yakitufikia sisi.

Basi nikaanza kumhoji.

Saa nane mchana

Jambo la kwanza lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Katika maajabu yote yanayofuata kuuawa kwa Duncan, hakuna hata moja linalotokea jukwaani. Tunayasikia tu. Asubuhi ile, kabla maiti haijagunduliwa, kijana Lennox, kabaila mwingine, anamwambia Macbeth kwamba usiku ulikuwa na ghasia, kwamba pale walipolala upepo uliangusha dohani, kwamba vilio vya mauti vilisikika hewani, "kama wasemavyo", na kwamba "wengine wanasema" ardhi ilishikwa na homa ikatetemeka. Dohani ni zake mwenyewe. Tetemeko ni la watu. Macbeth, ambaye ametoka kunawa damu muda si mrefu, anamjibu kwa maneno machache tu: ulikuwa usiku mbaya. Sidhani kama kuna mstari mwingine katika mchezo huo unaochekesha na kutisha kwa mpigo mmoja namna hiyo.

Tena, mchezo ulichezwa katika ukumbi wa Globe jijini London, ambao katikati yake haukuwa na paa, na maonyesho yalianza mchana, yapata saa nane. Mfikirie mchezaji wa Ross amesimama chini ya anga la wazi, akiwaambia watu wanaomwona vizuri kabisa kwamba saa inaonyesha mchana ilhali usiku wa giza umeikaba koo taa isafiriyo angani. Hakuna taa yoyote iliyozimwa. Giza lote limo ndani ya neno lenyewe.

Miongoni mwa watazamaji wa Globe alikuwamo Simon Forman, mganga na mnajimu wa London, aliyeutazama mchezo huu mwezi Aprili 1611 na kuandika aliyoyakumbuka. Anaeleza jinsi Macbeth alivyomuua mfalme ndani ya ngome yake mwenyewe, ilhali mfalme huyo alikuwa mgeni wake, kisha anaandika kwamba miujiza mingi ilionekana usiku ule na siku iliyoutangulia.

Ilionekana.

Forman hakuwaona farasi wa Duncan wakilana, kwa maana hawamo jukwaani. Alisikia watu wawili wakizungumza habari zao katika mwanga wa alasiri, na alipoishika kalamu baadaye, kusikia kulikuwa kumekwisha kugeuka kuona. Na hicho ndicho hasa kinachotokea mbele yetu ndani ya onyesho lenyewe: Mzee anasema inasemekana, Ross anasema niliona, na kati ya maneno hayo mawili hapana hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Msiba wa kuazima

Jambo la pili ni la wale wanaopenda kufukua. Shakespeare alizipata habari za Macbeth katika tarehe, yaani kumbukumbu za historia, za Raphael Holinshed, zilizochapwa mwaka 1577 na kupanuliwa mwaka 1587. Ukimtafuta Duncan humo utamkuta, lakini kando ya maiti yake hutawakuta bundi wala farasi. Hao wako kurasa za nyuma, kwenye kifo cha mfalme mwingine kabisa aitwaye Duff, aliyemtangulia Duncan kwa vizazi kadhaa.

Duff alikuwa mgeni wa Donwald katika ngome ya Forres. Donwald, akichochewa na mkewe, aliwashibisha na kuwalewesha watumishi wa chumba cha mfalme, akawatuma watu wake wanne wamchinje mfalme usingizini, na mwili ukaenda kuzikwa chini ya mto uliochepushwa kwanza kisha ukarudishwa kupita juu ya kaburi. Kwa muda wa miezi 6, anasimulia Holinshed, jua halikuonekana mchana wala mwezi usiku. Farasi wa jimbo la Lothian walizila nyama zao wenyewe. Bundi alimnyonga kipanga. Hatimaye mwili ulipatikana, ukatolewa mtoni ili uzikwe kifalme, na mara anga likafunguka na maua yakachanua mashambani kinyume cha majira.

Duncan wa historia aliuawa vitani karibu na Elgin mwaka 1040, na Macbeth akatawala miaka 17 baada yake. Bundi hakuhusika.

Kwa hiyo huzuni ya maumbile tunayoifundisha kama msiba wa Duncan ni ya kuazima, kama maturubai na viti vilivyotolewa kwenye msiba wa mtaa wa pili. Mshairi ana haki ya kuazima, na sina kesi naye. Kilichonishughulisha ni alichokiacha kule alikoazima. Katika kisa cha Duff giza lina kazi: linanyima nchi mwanga mpaka maiti ipatikane, kama mtu aliyekalia mlango na kusema kwamba hatoki mtu humu kabla ukweli haujajulikana. Shakespeare ameikata miezi 6 ikawa asubuhi moja, na giza lake halimdai mtu kitu. Hakuna anayetafutwa. Anga linapiga yowe, na watu wanafunga safari kwenda Scone kumtawaza mfalme mpya, Macbeth.

Farasi nao wamebadilika. Wa Holinshed walijila wenyewe. Wa Shakespeare wanalana. Anayejila mwenyewe ni mgonjwa, na tunaweza kumhurumia. Wanaolana ni wale waliokuwa zizi moja.

Habari za kipanga

Tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Nimeisikia methali hii ikithibitisha uvumi wa kila namna, kuanzia ndoa za watu hadi bei ya sukari, na sikuwahi kujiuliza inashamiri wakati gani hasa. Inashamiri pale ambapo jambo lenyewe haliwezi kutajwa kwa jina.

Tazama hao wawili wamesimama wapi. Wako nje ya ngome ya Macbeth. Mfalme ameuawa, wana wake wamekimbia, na maelezo yaliyokwisha kutolewa ni kwamba walinzi wawili wa chumbani ndio waliotenda, ila hawawezi kuulizwa kwa sababu mwenye nyumba amewaua kwa hasira ya mapenzi yake kwa marehemu. Mtu mwenye akili timamu angesema nini hadharani, mahali kama hapo, kwa mtu asiyemjua vizuri? Angesema: umesikia habari za yule kipanga? Mzee anafika karibu kabisa na jambo lenyewe anaposema kwamba mambo haya si ya maumbile, kama lilivyo tendo lililotendwa, kisha anarudi haraka kwenye ndege.

Halafu anatokea Macduff, kabaila wa Fife. Ross anamuuliza dunia inakwendaje sasa. Macduff anamjibu kwa swali: kwani huoni? Mwenye macho haambiwi tazama. Na huyu Ross, ambaye dakika moja iliyopita ameapa kwa macho yake, sasa anauliza kama kipofu. Je, imejulikana ni nani aliyetenda? Macduff anajibu kwamba ni wale aliowaua Macbeth. Ukilisoma jibu hilo polepole utaona kwamba mtu pekee anayetajwa humo kuwa ameua ni Macbeth.

Kisha wanaachana. Macduff anasema atakwenda nyumbani kwake Fife. Ross anasema atakwenda Scone kwenye sherehe.

Farasi walikataa utii. Ross akatii.

Nilipofika hapo niliamini nimemaliza. Nilikuwa tayari kumwita mpwa wangu na kumwambia kwamba hapana, sikuwaona. Niliogopa kumtaja mtu, nikataja farasi. Nilifurahi kama mtu aliyepata funguo zake mfukoni mwa koti aliloacha kulivaa zamani.

Lakini bundi alilia

Furaha hiyo ilidumu siku nne.

Iliharibiwa na mstari mmoja mfupi wa Bibi Macbeth. Usiku wa mauaji, kabla Lennox hajaamka na kabla Ross na Mzee hawajakutana, mwanamke huyu amesimama peke yake gizani akimsubiri mumewe atoke chumbani kwa mfalme. Hana mtu wa kumdanganya. Hana anayemwogopa. Anasikia mlio, anashtuka, anajituliza: ni bundi. Mumewe anapotoka na kuuliza kama alisikia sauti, anamwambia alisikia bundi akilia na nyenje wakiimba. Huyo si bundi wa mafumbo ya kisiasa. Ni ndege aliye juu ya jengo, na sisi tuliolelewa katika nyumba ambamo bundi akitua paani mazungumzo hukatika na mtu mzima mmoja huondoka kimya kwenda kumfukuza kwa kijinga cha moto, hatuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa ili tujue alisikia nini.

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi, na nikajilaumu kwa kulipita miaka yote hiyo. Lile giza liliagizwa. Mapema kabisa, Duncan angali hai, Macbeth anaziambia nyota zifiche moto wake ili mwanga usizione tamaa zake nyeusi. Mkewe anauita usiku mzito uje umejifunika moshi wa jehanamu ili kisu chake kisilione jeraha. Na usiku huo unapofika, Banquo anatazama juu na kusema kwamba mbinguni wamekuwa wabanaji wa matumizi, mishumaa yao yote imezimwa. Nyota zilikuwa zimekwisha kutii.

Hapo jibu langu la mtihani lilipata ufa. Ngazi ya ulimwengu inafundisha kwamba mtu huua kwanza, kisha maumbile hulia. Katika mchezo huu maumbile yaliombwa msaada na yakasaidia. Wachawi walikuwa wakizungumza katika radi kabla ya Macbeth kuwaza lolote, na maneno yake ya kwanza kabisa anapoingia ni kwamba hajapata kuona siku mbaya na nzuri namna hii kwa pamoja. Giza linalomshtua Mzee asubuhi yake ni lilelile lililoazimwa kwa usiku mmoja, nalo sasa limekataa kuondoka.

Nikakumbuka pia msitu wa Birnam. Karibu na mwisho, mjumbe anakuja kwa Macbeth akitetemeka na kusema kwamba alipokuwa zamu kilimani alitazama upande wa Birnam akaona msitu ukianza kutembea. Na ikiwa si kweli, yuko tayari kuibeba ghadhabu ya bwana wake. Mjumbe huyo hasemi uongo. Aliona. Na msitu haukutembea: walikuwa askari wa Malcolm, mwana wa Duncan, kila mmoja amekata tawi na kulishika mbele yake. Kama mtu mwaminifu anaweza kuuona msitu ukitembea, huenda Ross naye aliwaona farasi wakiumana kwenye zizi lililovunjika, usiku wa upepo ulioangusha dohani, na sina haki ya kumwita mwongo kwa sababu tu anasafiri kwenda Scone.

Watu waliouona mchezo mpya, yapata mwaka 1606, walikuwa na sababu za kutosikiliza maneno haya kijuujuu. Mwezi Oktoba 1605 jua lilipatwa, na watu wa Uingereza waliliona likimegwa. Mwezi uliofuata, tarehe 5 Novemba, baruti iligunduliwa chini ya jengo la Bunge, imewekwa tayari kumlipua Mfalme James pamoja na wakubwa wake. Ishara ilikuwapo na njama ilikuwapo, lakini mfalme akaishi. Sijui mtu wa kawaida wa London alizipangaje hesabu hizo kichwani. Nadhani alizipanga kama sisi tunavyozipanga, yaani baada ya tukio.

Fife

Kilichonitoa kwenye mzunguko huo hakikuwa cha Uskoti. Nilikuwa nikifikiria mchezo wa Juliasi Kaizari, ambao wengi wetu tuliujua kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, na maajabu yake yanayotangulia kuuawa kwa Kaizari. Humo pia yumo bundi, ameketi sokoni mchana kweupe akilia. Calpurnia, mke wa Kaizari, anamwambia mumewe neno ambalo nalifasiri hivi: mafukara wakifa, nyota za mkia hazionekani, ni vifo vya wafalme ndivyo vinavyowashwa angani.

Siku zote nililisoma kama sifa kwa wafalme. Safari hii nililisoma kama malalamiko, nikarudi Macbeth kutafuta kifo kisichowashwa.

Hakikunichukua muda. Macduff amekimbilia Uingereza. Huko Fife, mkewe amebaki na watoto. Ross, ndiye huyohuyo, anafika kumtembelea. Anamwambia kwamba nyakati ni za ukatili, kwamba watu wanashika uvumi kutokana na wanachokiogopa ilhali hawajui wanaogopa nini, kisha anaaga upesi akisema kwamba akikaa zaidi ataaibika. Mama na mwana wanabaki wakitaniana. Utaishije sasa? Kama ndege waishivyo, mama. Mama huyo amekwisha kusema, kabla Ross hajaondoka, kwamba hata ndege mdogo kuliko wote, akiwa na makinda kiotani, humkabili bundi.

Wauaji wanaingia. Mtoto anachomwa kisu mbele yetu.

Mbele yetu. Duncan aliuawa nyuma ya mlango. Farasi walilana mahali fulani nje. Jua lilizimwa katika mazungumzo. Mtoto wa Macduff anauawa jukwaani, watazamaji wakiwa wanamtazama, na anamwambia mama yake akimbie. Hakuna upepo. Hakuna dohani iliyoanguka, hakuna kipanga, ardhi haikushikwa na homa. Jambo lililoonekana na kila mtu halikupata ishara hata moja, na lile ambalo hakuna aliyeliona lilipata zote.

Onyesho linalofuata linaanza Uingereza, Macduff akiwa bado hajui. Anamwambia Malcolm kwamba kila asubuhi mpya wajane wapya wanaomboleza, mayatima wapya wanalia, na huzuni mpya zinaipiga mbingu usoni mpaka inavuma kana kwamba inahisi maumivu pamoja na Uskoti. Anaamini, basi, kwamba mbingu inaitikia. Ni imani ya Mzee, ni jibu langu la mtihani, na anaisema watoto wake wakiwa wamekwisha kufa.

Kisha Ross anawasili. Anaulizwa habari za mke, anasema hajambo. Na watoto? Hawajambo pia. Walikuwa katika amani nilipowaacha. Anazunguka, anazungumza habari za nchi, anatafuta mlango wa kutokea, kama alivyozunguka siku ya bundi na farasi. Lakini hapa hakuna ndege wa kumsaidia, na mwishoni analazimika kusema kwa maneno ya kawaida: ngome yako imevamiwa, mkeo na watoto wamechinjwa.

Macduff anauliza tena na tena, watoto wangu pia, mke wangu pia, kama mtu anayehesabu fedha zilizopungua. Kisha anauliza swali ambalo sikupata kulisoma vizuri mpaka mwezi huu. Je, mbingu ilitazama, na isiwe upande wao?

Zamu yangu

Tulilisoma onyesho hilo jioni ya mwisho ya likizo. Mpwa wangu alichukua Macduff na Malcolm wote wawili, akibadilisha sauti. Mimi, kwa mazoea, nilibaki Ross. Sikuwa nimemweleza lolote kati ya haya. Nilikuwa nimepanga kumwambia mwishoni, kwa utaratibu, hoja moja baada ya nyingine.

Alipofika kwenye swali la Macduff alilitafsiri polepole, akalifuta kwa mkono hewani, akalitafsiri upya kwa neno bora zaidi. Halafu akanyamaza, akanitazama kama alivyonitazama siku ya farasi, akingoja. Nikadhani nimepitwa na zamu. Nikashusha macho kwenye ukurasa kutafuta mstari wangu, nikashuka mpaka chini, nikafungua unaofuata. Malcolm anasema, Macduff anasema, Malcolm anasema tena, mpaka onyesho linakwisha.

Ross yuko palepale jukwaani, na hana mstari.

Nikainuka kwenda kuchemsha chai.